Motokaa ya Kaka na Orodha Yake



Mwezi wa Desemba 2024, shule ilipofungwa, nalikwenda nyumbani Lushoto nikiwa na nia moja tu, nayo ni kulala kila siku mpaka jua litoke. Nia hiyo haikutimia. Siku ya tatu jioni tulisikia mngurumo njiani, watoto wa jirani wakaanza kukimbia, na mara kaka yangu akaingia uani na motokaa nyeupe. Alikuwa amefanya kazi miaka minne katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Tanga, akiweka akiba kidogo kidogo, na sasa amenunua motokaa. Mama alipiga vigelegele. Baba aliizunguka mara moja, mikono nyuma, akainama kutazama matairi, akaingia ndani bila kusema neno.

Motokaa yenyewe ni Toyota Altezza. Wasomaji wengi wameiona, maana zipo nyingi mijini kwetu. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1998, ikapata tuzo ya Gari Bora la Mwaka huko Japani katika msimu wa 1998-1999, na mwaka 2005 ikaacha kutengenezwa. Nchi za Ulaya na Marekani ziliijua kwa jina la Lexus IS. Ina milango minne kama gari la familia, lakini magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, jambo ambalo wapenda mbio hulipenda sana. Zipo za namna mbili: moja ina injini ya silinda 4 ambayo nguvu zake zafika farasi 210; nyingine ina silinda 6 na nguvu za farasi 160. Ya kaka ni hii ya pili, yenye gia 6 za mkono. Kwa kuwa zote zimekwisha kuwa za zamani, bei yake yaweza kufikiwa na kijana mwenye mshahara mdogo. Kwa kifupi, ni gari la mbio la mtu asiye tajiri.

Usiku ule kaka aliniita chumbani, akafungua daftari. "Mdogo wangu," akasema, "wewe unasoma Fizikia. Nisaidie kupanga. Farasi 160 hazinitoshi." Alikuwa amebakiwa na shilingi 3,000,000, na tayari ameandika orodha ya mambo ya kuongeza. Nainakili hapa kama ilivyokuwa:

1. Turbo iliyotumika, pamoja na mabomba yake: 1,600,000.
2. Rimu za inchi 18 na matairi yake: 700,000.
3. Eksozi kubwa: 350,000.
4. Springi fupi za kushusha gari: 250,000.
5. Chujio la hewa la wazi: 100,000.

Jumla ilikuwa shilingi 3,000,000 kamili. Nalifurahi sana. Usiku kucha tulipiga hesabu, tukaandika kwamba farasi 160 zitakuwa 250, kisha kaka akaifuta 250 akaandika 280, na mimi sikumzuia. Karatasi haimkatalii mtu.

Asubuhi tulimpelekea baba daftari. Yafaa niseme hapa kwamba baba yangu alikuwa dereva wa malori kwa miaka mingi, na barabara ya kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma anaijua kama uwanja wa nyumba yake. Alivaa miwani, akasoma orodha toka juu mpaka chini, akaigeuza karatasi kutazama kama kuna kitu nyuma. Kisha akauliza, "Mwanangu, hapa nimeona itakavyokwenda. Itasimamaje, umeandika wapi?"

Kaka alijibu kwa adabu kwamba breki za motokaa ni nzima, na muuzaji alimhakikishia. Baba akarudisha daftari. "Vema," akasema. "Kesho nina safari ya Mombo. Utanipeleka."

Asiyeijua barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo na afahamu hivi. Ni kilometa 33 hivi, na tangu mwanzo hata mwisho yateremka yapata mita 900. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni bonde. Njiani kuna mji mdogo wa Soni wenye maporomoko ya maji, na kutoka hapo kona hufuatana bila kupumzika.

Tuliondoka saa mbili asubuhi: kaka kwenye usukani, baba kando yake, mimi na mdogo wetu wa kike, mwenye miaka tisa, tukiwa nyuma. Mpaka Soni mambo yalikuwa mazuri. Kaka alitaka baba aone jinsi motokaa inavyoshika kona, kwa hiyo aliiacha katika gia ya tano, iende yenyewe kwa uzito wake, na kila kona ilipokaribia alikanyaga breki. Akaachia, akakanyaga, akaachia, akakanyaga. Baba alisema mara moja, "Rudisha gia." Kaka akasema, "Ndiyo, baba," lakini hakurudisha.

Chini ya Soni tukaanza kusikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Nalidhani ni moshi wa shambani. Kona mbili baadaye nalimwona kaka akikanyaga breki, na mguu wake ukaenda mpaka sakafuni kama mtu aliyekanyaga shimo. Motokaa haikupunguza mwendo. Mbele yetu kulikuwa na kona ya kushoto, na baada ya kona hiyo sikuona kitu ila vilele vya miti iliyoota bondeni.

Baba hakupiga kelele. Alisema polepole, kama mtu anayesomesha: "Pampu breki, usiache. Ingiza ya tatu. Sasa ya pili. Achia klachi taratibu." Injini ikalia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia, sote tukasukumwa mbele. Baba alikuwa amekwisha kushika breki ya mkono, akaivuta kidogo kidogo. Tuliipita ile kona tukiwa upande usio wetu. Kwa rehema ya Mungu hakuna basi lililokuwa linapanda. Mbele kidogo palikuwa na sehemu pana kando ya ukuta wa mlima, na hapo motokaa ikasimama.

Mdogo wetu akauliza, "Baba, tumefika?" Hakuna aliyemjibu.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yakitoa moshi. Nalichukua chupa ya maji nikamwage, baba akanishika mkono. Akaeleza kwamba chuma kilichopata moto vile kikimwagiwa maji baridi hupinda au hupasuka. Dawa yake ni kungoja. Basi tukakaa juu ya mawe tukangoja karibu saa nzima. Hapo ndipo baba alipotuambia jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Mwaka 1996, akiteremka mlima wa Kitonga na lori la saruji, breki zilimwishia. Alikuwa amemwarifu tajiri wake kabla ya safari kwamba breki zinahitaji kutengenezwa, akajibiwa kwamba zingoje safari ijayo. Baba aliligongesha lori kwenye ukuta wa mlima kwa makusudi ili lisiende bondeni. Yeye alitoka na michubuko. Utingo wake, kijana wa miaka ishirini na mmoja, alipoteza mguu. "Kila mwezi wa kwanza wa mwaka," baba akasema, "huenda kwao kumsalimu. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ndiyo maana naenda."

Kaka alikuwa ameinamisha kichwa. Hakusema neno mpaka tulipofika Mombo, tukiteremka kwa gia ya pili, polepole kuliko pikipiki za mizigo.

Mombo tulimkuta fundi mzee ambaye baba amjua tangu zamani. Alifungua magurudumu yote manne, na kila alichokiona alituita tukitazame. Nayaandika aliyotuonyesha, maana naamini wengi hawayajui, kama mimi nisivyoyajua.

Kwanza, mafuta ya breki. Yalikuwa meusi kama kahawa. Fundi alisema mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani kila siku, hata kama motokaa haitembei. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakisha kunyonya maji, kiwango kinachokubaliwa chashuka mpaka nyuzi 140. Yakichemka hufanya mapovu ya mvuke ndani ya bomba. Mafuta hayabonyei, bali mvuke hubonyea. Kwa hiyo mguu unaenda chini na breki haifanyi kazi. Hicho ndicho kilichotupata. Breki haikuvunjika, ilichemka.

Pili, pedi za breki za mbele zilikuwa zimekwisha, zimebaki nyembamba kama sarafu.

Tatu, matairi. Kwa macho yangu yalikuwa mazuri, kashata zake bado nzito. Fundi akatuonyesha ubavuni tarakimu nne, 3112. Maana yake ni wiki ya 31 ya mwaka 2012. Matairi yale yalikuwa na miaka kumi na miwili, mpira wake umekauka, na ukiukunja waona nyufa. Fundi akaweka kiganja chake chini ya tairi akasema, "Gari zima linashika barabara kwa viganja vinne kama hiki. Farasi mia au mia tatu, zote zapita hapa."

Nne, bushi za mbele zilikuwa zimelegea, na shokapu mbili za nyuma zimevuja.

Tano, mkanda wa taimingi. Hakuna aliyejua ulibadilishwa lini. Mkanda huu ndio unaoendesha vali. Ukikatika injini huzima papo hapo, na katika injini nyingi vali hugongana na pistoni, gharama yake ikawa ni injini nyingine.

Kaka akatoa daftari lake, kwa haya, akamwonyesha fundi ile orodha. Mzee yule hakumcheka. Alisema kila kitu kilichoandikwa kina kazi yake, lakini kina wakati wake. Chujio la wazi huvuta hewa ya moto kutoka kwenye injini, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo pasipo kulikinga na joto yaweza kupunguza nguvu badala ya kuongeza. Eksozi kubwa katika injini isiyo na turbo huongeza farasi wachache na makelele mengi. Rimu kubwa ni nzito, na uzito unaozunguka ni mgumu kuuanzisha na mgumu kuusimamisha. Springi fupi juu ya shokapu zilizovuja zitaifanya motokaa irukeruke na kukwaruza kila tuta. Turbo ndiyo yenye nguvu za kweli, kwa kuwa husukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Lakini hewa nyingi yataka petroli nyingi na kompyuta ya injini iliyopangwa upya, na injini ile tayari hubana sana, mara 10. Ukiongeza turbo pasipo kurekebisha hayo, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na pistoni hupasuka. "Umeandika bei ya turbo," fundi akasema. "Hukuandika bei ya kuifanya isiiue injini."

Jioni ile, chini ya mwembe wa gereji, tuliandika orodha mpya:

1. Mafuta mapya ya breki, DOT 4, pamoja na kazi: 40,000.
2. Pedi za mbele na za nyuma: 180,000.
3. Matairi manne mapya, ya kipimo kile kile cha kiwandani: 800,000.
4. Shokapu na bushi: 700,000.
5. Mkanda wa taimingi, roli zake na pampu ya maji: 350,000.
6. Oili, plagi na chujio la hewa la kawaida: 230,000.

Jumla ilikuwa shilingi 2,300,000. Zikabaki 700,000. Chini yake kaka akaandika namba 7, akaacha mstari mtupu.

Niliporudi shuleni Januari nalimpelekea mwalimu wetu wa Fizikia swali hili: je, breki zetu zilibeba mzigo gani siku ile? Tulifanya hesabu pamoja. Kitu kikishuka mita 900, nishati inayotoka kwa kila kilo ni 9.8 mara 900, yaani jouli 8,820. Motokaa iendayo kilometa 100 kwa saa ina nishati ya mwendo ya jouli 386 hivi kwa kila kilo. Gawanya, utapata karibu 23. Maana yake, kuteremka kutoka Lushoto mpaka Mombo kwa kutegemea breki peke yake ni karibu sawa na kusimamisha motokaa mara 23 kutoka mwendo wa kilometa 100 kwa saa. Upepo na msuguano wa barabara husaidia kidogo, na gia ndogo husaidia sana. Kaka alikataa msaada wa gia, akaziachia breki mzigo wote.

Hesabu ya pili ilinishangaza zaidi. Motokaa ile ikiwa na sisi wanne ina uzito wa kilo 1,600 hivi. Ukiisimamisha kutoka kilometa 100 kwa saa kwa sekunde 4, breki zinafanya kazi ya farasi 210. Injini yake ni ya farasi 160 tu! Basi katika motokaa hiyo hiyo breki ndiyo mashine yenye nguvu kuliko injini, nayo hakuna anayeisifu. Tena nishati ya mwendo hukua kwa mraba: ukizidisha mwendo mara mbili, mzigo wa breki wawa mara nne. Kaka alitaka kuongeza kitu kimoja na kusahau kwamba kingine kitadaiwa zaidi.

Wala wasomaji wasidhani kwamba napinga kuongeza nguvu za motokaa. Sote twapenda mwendo, na ufundi ni elimu. Toyota Celica ilishinda Safari Rally ya Kenya miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, nayo ilikuwa na turbo. Lakini magari ya mashindano yale hayakuongezwa injini tu. Yaliimarishwa mwili, springi na chini ya tumbo ili yastahimili barabara. Gari lisilofika mwisho halishindi, hata liwe na farasi elfu. Kaka naye hakuacha ndoto yake. Aliniambia kwamba akipata fedha atatafuta kwanza pedi zinazostahimili joto zaidi, kisha eksozi ya kadiri, na turbo itakuja siku itakayokuja pamoja na gharama zake zote, na kampuni yake ya bima itaarifiwa. Huo ndio mpango. Ule wa kwanza ulikuwa ni hamu iliyoandikwa.

Likizo ya Aprili 2025 tulishuka tena Mombo, watu wale wale katika motokaa ile ile. Kaka aliingiza gia ya tatu tangu tulipotoka Soni, na kwenye kona kali gia ya pili. Breki aliigusa kidogo tu, akaachia ipoe. Nalitazama ile sehemu pana tuliposimama mwezi wa Desemba, ikapita. Nikageuka nimwonyeshe baba. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, kofia imemwangukia machoni.

Kaka alimwona pia. Hakusema kitu, lakini nalijua kwamba hakuna farasi 280 ambao wangempa furaha ile.

Wenzangu, sote tuna daftari zetu za mipango. Mmoja apanga kuwa daktari, mwingine rubani, mwingine ataka alama za juu katika mtihani wa taifa na bado hajafungua kitabu cha kidato cha kwanza alichokiruka. Tusione haya kuanza na mambo yasiyong'aa. Tutazame matairi yetu, tubadilishe mafuta yetu, kisha tuombe nguvu. Haraka haraka haina baraka, wazee walisema, na baba yangu angeongeza: hasa mteremkoni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita